Kichupa Namba Saba

Aibu hii ningeizika kabisa, lakini mdogo wangu Salumu sasa ana ndevu na jirani yetu Bi Somoe bado anaihadithia kwenye kila harusi, tena kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo afadhali niieleze mwenyewe.

Tulikuwa kijijini Likunja. Baba alitangulia mbele ya haki, mama akafuata kwa uzazi wa Salumu, na mimi dada mkubwa nikaacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo wanne, wa mwisho wa kubebwa mgongoni. Zahanati ilimpa Salumu kopo la maziwa ya soya kila mwezi, na bila kopo lile sijui ningemlisha nini. Ndipo akaja Bwana Kimaro, mtaalamu aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Moshi, akitaka kupima vitu vya mmea wa soya, kwanza ndani ya maziwa yenyewe, halafu kwenye mkojo wa mtoto, ajue vinavyopita mwilini ni kiasi gani. Akachota kijiko kwenye kopo la kila mtoto, akatugawia vichupa vyenye namba, changu saba.

"Asiyeleta mkojo kesho asubuhi, namtoa kwenye orodha," akasema. (Orodha ipi, sikuuliza. Mimi niliona kopo linaondoka.)

Basi Salumu, mtoto aliyenilowesha mgongo kila nilipoinama kupalilia, asubuhi ile akabana! Nikamnywesha, nikammwagia maji miguuni, nikampigia mluzi, yeye ananichekea tu, na Landrova imeshaanza kunguruma kule zahanati, nikajiambia mkojo ni mkojo, nikazunguka nyuma ya nyumba na kichupa.

Baada ya miezi miwili Bwana Kimaro akarudi na karatasi zake, kina mama tumejaa barazani pale zahanati.

"Namba saba!" Nikasimama kwa maringo. "Maziwa ya kopo lako yana soya tele. Mkojo wa mtoto hauna hata dalili. Dada, maziwa haya anakunywa nani?"

Bi Somoe, mtani wangu, akadakia: "Mtazameni mashavu! Sisi tunasema Mungu kamjalia, kumbe soya!"

Nesi akaniambia kwa upole kwamba kama ninayanywa mimi, kopo litapewa mtoto mwingine. Nikamtazama Salumu, nikafumba macho, nikapayuka: "Mkojo ni wangu!"

"Ndiyo maana kichupa kilijaa pomoni," nesi akasema.

Walicheka mpaka Bi Somoe akateleza kwenye benchi. Bwana Kimaro peke yake hakucheka. Alitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Kumbe hujaonja hata kijiko," akasema. "Nesi, kopo lake lisiguswe."

Nikampa Bwana Kimaro amshike mtoto, nipate kulia vizuri, na Salumu naye akaona huo ndio wakati wake: akamlowesha mtaalamu kuanzia shati hadi soksi.

"Kichupa!" Bi Somoe akapiga kelele kutoka sakafuni. "Leteni kichupa!"

Tangu siku ile nimeapa: anayetakiwa kukojoa, akojoe mwenyewe. Mimi nitamngoja, hata kutwa.