Siku Kompyuta Kuu Ilipozima

Mwenzangu ofisini, dada mmoja wa Isongole, alinipinga tangu mwanzo. Tulipewa kazi ya kulinganisha mifumo miwili ya kuwaonya waongoza ndege pale ndege zinapokaribiana mno. Mimi nilitaka kompyuta moja kuu ihudumie vituo vyote, ili kila mtu aone picha ileile. Yeye alitaka kila kituo kiwe na kompyuta yake, ziwe zinapeana taarifa.

"Hiyo moja ikizima je?" aliniuliza.

"Ipo ya akiba," nikamjibu. Wakubwa wakafuata langu.

Kwenye majaribio tulitumia ndege za kuigiza, na kijana mmoja wa Tunduma aliyekuwa mafunzoni ndiye aliyeziongoza. Katikati ya zoezi kompyuta kuu ilizima, na ya akiba ikachelewa kushika kazi. Picha iliporudi, ndege zake mbili zilikuwa zimegongana. Hakufa mtu, zilikuwa alama tu kwenye kioo. Lakini kijana alivua vipokea sauti vya masikioni taratibu, na mkufunzi akamwambia mbele ya wote kwamba amezubaa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijua kilichotokea, nikajiambia nitaeleza kwenye kikao. Nilieleza kweli, ila yeye alikuwa ameshaacha mafunzo.

Nilipokwenda likizo kwa mama, kule Mbozi, kahawa ilikuwa inachumwa na mimi sikushika hata kikapu, mawazo yangu yalikuwa kwa yule kijana. Siku ya pili nikapanda gari la Tunduma. Nilimkuta kwenye foleni ya malori mpakani, akimsaidia mjomba wake shughuli za forodha, akitaniana na dereva Mzambia kwa Kibemba.

"Shikamoo, kaka."

Nikamweleza kwamba kosa halikuwa lake, ni la mfumo niliouchagua mimi, na nafasi yake mafunzoni bado ipo.

"Nilijua ni mashine," alisema. "Ila ulikuwa nyuma yangu, kaka. Nilisubiri useme."

Nilimwomba msamaha. Akasema yameisha, akaninunulia soda, tukanywa tumesimama vumbini. Kurudi alikataa.

Ofisini tulianza upya, safari hii kwa mpango wa yule dada. Juzi tulizima kompyuta ya kituo kimoja makusudi, na vingine vikaendelea na kazi kama kawaida. Watu walipiga makofi, wakanipa mkono na mimi. Nilitoka nje nikampigia yule kijana nimweleze. Alisema yuko ndani ya lori, hanisikii vizuri.