Kaseti Nilizozifuta

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninaposikia treni, na miaka yote hii nimeikwepa kuisimulia. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako nyimbo za Néon Cuivre, ukasema wenzako wamezipenda sana, na kwamba ni huzuni kikundi kizuri namna ile kutoa albamu moja tu. Nilikurudishia simu. Leo nakujibu kwa maandishi, maana mdomo wangu naujua, utatafuta njia ya kukwepa. Albamu zilikuwa mbili. Ya pili niliifuta mimi.

Néon Cuivre walikuwa vijana wanne wa hapa Lubumbashi. Baba zetu walicheza magitaa. Hao wakaja na kinanda cha umeme, mashine ndogo ya kupiga ngoma na makoti yenye mabega mapana. Mtunzi na mwimbaji wao alikuwa Mbuyi, niliyekaa naye benchi moja miaka yote ya sekondari. Albamu yao ya kwanza iliitwa Siku ya Posho, ndivyo huku tunavyoita Jumamosi, na ilikuwa ya Jumamosi kweli: nyepesi, ya haraka, ya kucheza. Mimi nilikuwa na kibanda cha kaseti kule Naviundu. Wimbo wake wa kwanza ulilia pale tangu nafungua hadi nafunga, na sikuwahi kuuchoka.

Kisha nchi ikaanza kuporomoka. Kiwanda cha shaba kilipunguza zamu, na king'ora chake, ambacho mji mzima ulikuwa unakiamkia, kikawa siku moja kinalia, siku ya pili kimya. Askari walipora maduka, raia wakaingia nyuma yao kubeba kilichobaki. Hata mimi nilirudi nyumbani na kiti kimoja cha ofisi ya mtu nisiyemjua. Ni katika miezi hiyo Mbuyi alipotoa albamu ya pili, Zamu ya Mwisho. Aliniletea maboksi mawili ya kaseti, zote zilizotengenezwa, akayaweka mezani kwangu taratibu.

"Ukae chini, ndugu," aliniambia. "Usikiye mpaka mwisho. Usisikiye nusu-nusu, minakujua."

Nilisikiliza nyimbo tatu, nikiwa nimesimama, huku nahudumia wateja. Ngoma zilikuwa za polepole. Kila wimbo ulianza kwa mlio mrefu uliokatika katikati, nikadhani kinanda chao kimeharibika. Kulikuwa na mteja wangu mmoja, fundi wa kuchomelea, mtu wa utani. Nilipompa ile mpya aliirudisha mezani kabla wimbo haujafika nusu.

"Ile ya kilio? Hapana, yaya, kaka yangu. Kwetu muntu hayakufa bado. Unipe ile ya Siku ya Posho."

Tulicheka wote. Kuanzia hapo nami nikawa naiita "ile ya kilio", na kila aliyeuliza habari zake nilimwambia asipoteze wakati.

Sasa, wewe hukuziona kaseti zikifanya kazi, kwa hiyo nikueleze. Kaseti iliyotoka imejaa muziki ilivunjwa vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Lakini ukibandika karatasi ya gundi juu ya matundu yale, mashine inadanganyika, inarekodi. Kaseti tupu hazikuwapo tena mjini, maghala yalikuwa yameporwa, na watu bado walitaka Siku ya Posho. Nami nilikuwa na maboksi mawili. Nilianza na moja, nikasema ni moja tu. Kufikia mwisho wa msimu wa mvua nilikuwa nimezifuta zote. Ningependa kukuambia kwamba niliona uchungu. Nilikuwa napiga mluzi.

Ndipo ikaja ile chuki. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao, kama Mbuyi, hawakuwahi kuiona Kasai kwa macho. Familia zilikaa wiki na wiki kituoni juu ya magodoro na masufuria, zikingoja treni. Siku ninayokusimulia, Mbuyi alikuja kibandani saa sita mchana akitokea huko. Alikuwa amekonda, na koti lile la mabega mapana lilikuwa limejaa vumbi.

"Minakuya kutwaa kaseti yangu," akasema. "Moja tu. Ile bande, kanda ya kwanza kabisa, ya studio, baliiba pamoja na mashine. Sasa Zamu ya Mwisho inabakia kwako tu."

Akauliza kama watu wanaisikiliza, akitabasamu kidogo:

"Bantu banaisikiaka?"

"Banaisikiaka," nikamjibu.

"Ni muzuri. Sauti yangu haina kwao, haitafukuzwa."

Alikaa karibu nusu saa. Alikunywa maji yangu. Nilikuwa na nusu saa nzima, mwanangu, na sentensi moja ya kusema. Badala yake nilitafuta kasha lake lenye picha yao, nikatia ndani kaseti niliyoibandua karatasi ya gundi kwa haraka, nikampa. Akaibusu, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kituoni hakuwa na redio ya kuipigia. Siku iliyofuata treni yao iliondoka.

Miaka mingi baadaye mchuuzi mmoja wa mahindi aliniambia kuwa Mbuyi alifia Mwene-Ditu, kule Kasai, alikokuwa akitengeneza redio za watu. Alisema marehemu alikuwa na kaseti moja asiyoipiga kamwe. Akiulizwa, alijibu kwamba waliotengeneza walikosea, wakaweka nyimbo nyingine ndani. Mpaka leo sijui kama aliamini hivyo au alikuwa ananifichia aibu.

Mwaka jana, kama ujuavyo, nilimzika mama yako. Siku ya kufunga kilio, wewe ukiwa umekwisha kuondoka, mchana, watu wamechoka, mdogo wake alichukua kaseti ya zamani ya marehemu, Siku ya Posho niliyomrekodia mwenyewe, akaipiga kwa sauti ndogo. Nyimbo za upande ule zikaisha. Kwa kawaida mtu angeinuka kuigeuza. Hata zamani wateja walipolalamika kwamba mwishoni kuna makelele, niliwaambia wageuze upesi. Siku ile hakuna aliyeinuka.

Ikalia ta, pale niliposimamisha mashine zamani, halafu ule mlio mrefu uliokatika katikati.

Albamu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Mwishoni mwa kila upande wa kaseti nilizozifuta kulibaki wimbo mmoja ambao sikuufikia. Nilikaa chini, mkekani, nikasikiliza. Ule mlio ulikuwa king'ora cha kiwanda. Kila ubeti ulianza nacho na kila mara kilikuwa kifupi zaidi, hadi kwenye ubeti wa mwisho hakikulia kabisa, msikilizaji ukabaki ukikingoja. Mbuyi aliimba habari za baba aliyevaa viatu vyake vya kazi, anakaa mlangoni, haulizi kitu. Sauti haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu anayekueleza jambo kwa upole kwa sababu anajua utaumia. Wanawake waliacha kuosha vyombo. Shemeji yangu akaniuliza ni nani anayeimba, nikamwashiria angoje wimbo uishe.

Nyimbo zilikuwa nane. Zimebaki mbili. Kwa hizo mbili naweza kukuambia kwamba Zamu ya Mwisho ilikuwa kazi bora kuliko ile mnayoicheza. Lakini ni mimi tu ninayesema, na ushahidi niliufuta kwa mkono wangu.

Basi nakusihi hivi. Kazi ya mtu usiipime kwa kicheko cha wateja, wala ukiwa umesimama. Kaa chini, ifike mwisho, ndipo useme. Na ukimkosea mtu, mwambie angali mbele yako anakunywa maji yako, hata kama sauti itatetemeka. Mimi nilidhani namhurumia. Nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Kaseti iko ndani ya bahasha hii. Usiigeuze inapolia ta.

Mungu akupe moyo wa kusikiliza, mwanangu, na kila utakayemkosea akukutanishe naye kabla treni haijaondoka.