Kiarabu Changu cha Kwenye Kompyuta

Mie kazi yangu kutengeneza singo ya kusugulia mabibi harusi, hapa Jang'ombe. Juzi nilipata mteja Maskati, bibi anayemwoza binti yake, nikenda duka la intaneti Darajani nimpigie kwa kompyuta. Kwa kuwa yuko Uarabuni, nikajitia kumsemesha Kiarabu, kile nilichookota chuo cha Kurani. Nilichanganya salamu, dua na habari za mawaridi ya singo, naye akiniuliza na kunijibu kwa Kiarabu polepole, kama anayemlisha mtoto uji.

Tulipoagana nikavua hedfoni nikaziweka mezani, kama tunavyoweka mkono wa simu, nikaamini nshakata. Nikamgeukia shoga yangu Mwanaisha, niliyekwenda naye.

"Maswali yote yale, utasema anaolewa yeye! Na sauti ile ya bata! Huyo hata asuguliwe gunia zima la singo, hang'ari!"

Mwanaisha hakucheka. Alinionesha hedfoni kwa kidole; zilikuwa zinasema. Nikazivaa.

"Naam," nikaitika.

"Loo, mwanangu!" ikasema sauti ya bata, kwa Kiunguja kilichonyooka. "Mie mzaliwa wa Malindi, hapo hapo Unguja. Kumbe Kiswahili unakijua, na ukanitesa na Kiarabu kile?"