Mume wa Hilary Kwenye Matope

Mume wa Hilary alikuwa na mazoea ya kutangulia. Kila penye tope katika njia ndefu ya miguu ya milima ya Pennine, kaskazini mwa Uingereza, alilipima kwa fimbo, kisha akageuka kumnyooshea mkewe mkono wake mpana. "Kanyaga hapa, mpenzi, pagumu," alimwambia kwa sauti ya chini. Mvua haikukatika, na sisi tuliowafuata nyuma tulikanyaga alipokanyaga yeye. Dada yangu Thelma alinitania kwamba ningekuwa hata nusu yake, ningeshaoa zamani.

Alasiri moja tope likamshinda. Alizama hadi mapajani, na Hilary alipoinama kumsaidia, mumewe alimkamata mabega, akajivuta, akamwangusha topeni, akamkanyaga mgongoni, akatoka. Hilary akabaki humo, uso umejaa tope. Tulimtoa mimi na Thelma, naye akicheka. Mumewe alisimama kando, mikono kaificha kwapani, na tangu hapo akatembea nyuma yetu sote.

Kwenye nyumba ya wageni hakuja mezani. Alikaa mlangoni akikwangua buti za mkewe, ambazo zilikwisha kutakata.

"Njoo ule, supu inapoa," Hilary alimwita.

"Kuleni tu."

Hilary akamfuata na bakuli, akaketi sakafuni karibu naye. "Anayezama hushika chochote. Hata mimi ningekushika."

"Ungenishika, ndiyo," alisema bila kuinua macho. "Lakini usingenikanyaga."

 Hilary alimega mkate, akamwekea kiganjani, na kile kiganja hakikufumba.