Peremende ya Tangawizi Kwenye Laini ya Imazatosuji

Mimi sijawahi kulala kwenye treni.

Zunguka Osaka nzima, shuka chini ya ardhi, uliza. Laini zote za treni za chini nimezimaliza, mwanzo hadi mwisho, macho yamenitoka kama samaki kwenye barafu.

Halafu mimi silii. Hilo nalo liandike. Siku tuliyookota mifupa ya baba kwa vijiti baada ya mwili kuchomwa, kama desturi yetu ya mazishi, mama anadondosha vijiti, dada zake baba wanalowesha leso, mimi nilikuwa mtulivu kama fundi saa. Jirani mmoja akasema, "Huyu kijana ana moyo wa chuma."

Nikafurahi. Yaani, ningefurahi kama ningekuwa nasikia chochote moyoni.

Sasa kama mimi silali kwenye treni, nielezeni jambo moja. Ile peremende ya tangawizi niliyoikuta kiganjani mwangu pale Itakano, mwisho wa laini, behewa tupu, ilifikaje?

Sikuinunua. Na simkumbuki aliyenipa.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Kanta. Naosha vyombo kwenye duka la mishikaki ya kukaanga pale Kyobashi. Nikitoka kazini nanuka mafuta mpaka paka wa mtaani wananisindikiza.

Nina genge langu la wapenda treni. Tunakutana Jumapili kwenye mgahawa wa kahawa wa Mama Tazuko, tunabishana laini ya nani ni kali kuliko zote. Watu wazima kabisa, wana kazi zao, lakini ukiitukana laini ya mtu anaweza kukunyima salamu wiki nzima.

Genge lilianzishwa na marehemu baba na rafiki yake, Anko Okuda. Kanuni aliiandika baba mwenyewe kwa wino mzito, ipo ukutani juu ya mashine ya kahawa.

ALIYELALA HAKUPITA.

Maana yake hii: ukitaka kibao cha mti chenye jina lako kitundikwe pale ukutani, lazima uwe umesafiri kila laini ya chini ya mji wetu, kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, ukiwa macho. Ukisinzia kidogo tu, laini hiyo haihesabiwi. Hakuna anayekukagua. Unasema mwenyewe, watu wanakuamini.

Kibao cha baba ni cha kwanza, juu kabisa. Pembeni yake kuna nafasi. Kila aliyemaliza laini zote na kutaka kutundika hapo, baba alimwambia ashuke chini. "Hapo pana mwenyewe," alikuwa anasema.

Mwenyewe ni mimi.

Nilikuwa nimebakiza laini moja. Imazatosuji.

Laini yenyewe ya rangi ya chungwa, fupi, treni yake mabehewa manne, na hata hayo manne hayajai. Haifiki katikati ya mji. Ni kama mtu aliyealikwa harusini akaishia getini.

Baba aliipenda kuliko zote. Nilipokuwa mdogo alinipeleka kila Jumapili. Na kila Jumapili nilisinzia begani kwake kabla hatujafika popote.

Nikishtuka namuuliza, "Baba, tumefika?"

"Bado. Lala tu."

Tukifika Itakano ananiamsha, anatikisa kichwa kama hakimu. "Umelala tena wewe. Haihesabiwi. Jumapili ijayo tunarudia."

Nikakua. Nikaanza kuona noma kuzurura na mzee. Laini nyingine nikazimaliza peke yangu, hiyo nikaiweka kiporo. Nikajiambia tutaimaliza na baba, ipo tu, haikimbii.

Mvua za Juni zikaja, zikaondoka na baba.

Baada ya hapo sikuwa na huzuni, naapa. Sikuwa na kitu. Mafuta ya moto yakiniruka mkononi nautazama tu, kama mkono wa mtu mwingine. Chakula kina ladha ya karatasi. Kitandani najilaza, naangalia dari, na dari inaniangalia mimi. Usingizi ulikata kabisa.

Mchana mmoja nikasema, ngoja nikamalize hiyo laini, nichukue kibao changu, yaishe.

Nikapandia Imazato. Nikakaa kiti cha pembeni. Tukapita Midoribashi. Tukapita Shigino. Pembeni yangu mtu akakaa, sikumwangalia. Gamo. Niko macho.

Baada ya Gamo sina habari.

Nilichokiona tena ni milango iko wazi, behewa tupu, dereva anapita nje na begi lake kwenda upande wa pili. Itakano. Na kiganjani peremende ya tangawizi, karatasi ya njano, imefungwa vizuri.

Najua mnachosema. Si ungerudi na treni hiyohiyo, macho wazi, mambo yakaisha?

Ndiyo. Ilikuwa palepale inanisubiri, viti vitupu.

Nikapanda ngazi nikachukua basi. Msiniulize kwa nini. Peremende nikaitia mfukoni.

Jumapili nikaingia kwa Mama Tazuko kifua mbele.

"Jamani, nimemaliza. Imazatosuji, mwanzo mwisho, sijapepesa. Leteni nyundo."

Anko Okuda akanyanyuka mpaka kiti kikashukuru. "Dogo! Kweli?"

"Nikudanganye ili nipate nini?"

Kibao changu alishakichonga zamani. Akakitoa kwenye mkoba, kimefungwa kitambaa, jina langu limechongwa kwa mwandiko uleule wa kibao cha baba. Akapigilia msumari pale kwenye nafasi. Nikamtazama, nikasubiri nisikie kitu moyoni. Wapi.

"Subiri," akasema Nagisa, dada mmoja mfupi anayeitetea laini iitwayo Chuo, yaani "ya katikati" kwa Kijapani, kama ya urithi. "Utaratibu kwanza. Hakuna kibao bila ubishi."

Basi wakaanza.

"Laini ya Midosuji," Okuda akasema, akijipigapiga tumbo. "Uti wa mgongo wa mji huu. Ukisimama stesheni zake za zamani, ile dari ya mviringo, unaweza kufungia ndoa pale."

"Ufungie ndoa ukiwa umebanwa na kwapa la nani?" Nagisa akamkata. "Laini yangu inatoka nje, inaona jua, inaenda mpaka baharini."

"Inatoka nje? Basi hiyo siyo ya chini. Hiyo ni treni ya kawaida iliyopotea njia."

Mama Tazuko akacheka mpaka akamwaga maziwa.

"Na wewe, Kanta?" Nagisa akanigeukia. "Tetea hiyo yako yenye abiria wawili, na mmoja ni dereva."

Nikafungua mdomo nijibu. Mlango ukalia.

Akaingia shangazi mmoja wa makamo, nywele ameziweka mawimbi, mkoba mkubwa begani. Mama Tazuko akamkaribisha kwa mikono miwili. "Huyu ni Shangazi Hisae, mteja wangu wa asubuhi. Anarekodi sauti za treni. Nimemwambia aje awasikilize mnavyotukanana."

"Sina laini ya kutetea," akasema. "Mimi nina masikio tu."

Halafu akafanya wanachofanya mashangazi wote wa mji huu. Akaingiza mkono mkobani akaanza kugawa peremende.

Za tangawizi. Karatasi ya njano.

Okuda moja. Nagisa moja. Mama Tazuko moja. Akafika kwangu, akanitazama usoni, akatulia.

"Wewe chukua mbili," akasema.

Mgongo ukaniloa. Nikajikausha.

"Anko, si tutundike tu hicho kibao?" nikasema. "Kahawa inapoa."

"Mgeni kwanza," Okuda akajibu. "Shangazi, tusikie laini yako nzuri kuliko zote."

Shangazi Hisae akatoa kinasa sauti. Kipaza chake kimevishwa manyoya kama panya aliyevaa koti la baridi.

"Ninayo moja ya wiki iliyopita," akasema. "Laini ya Imazatosuji. Katikati pameharibika kidogo, lakini ndipo ninapopapenda." Akanigeukia. "Niipige hii, au nitafute nyingine?"

Aliniuliza mimi. Kati ya watu wote mle ndani, mimi.

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na mimi niliuona. Lakini mtu mwenye fiksi anaogopa kuonekana anaogopa.

"Piga, shangazi!" nikasema kwa sauti kubwa. "Wasikie laini ya wanaume."

Akabonyeza.

Mlango wa behewa ukafungwa. Mota ikaanza, ule mlio wake kama mtu anavuta pumzi kwenye meno. Okuda akafumba macho. Magurudumu yakalia kwenye kona. Hata Nagisa akakiinamia kinasa sauti.

Halafu mtu akakoroma.

"Ah!" Okuda akafumbua macho. "Nani huyo mshenzi anaharibu sauti?"

Nagisa akacheka. "Huyo ndiye abiria wa pili!"

Mimi nikacheka kuliko wote. Kweli, nilicheka.

Sauti ya kike ikatangaza stesheni inayofuata, Sekime-Seiiku. Mkoromo ukakatika. Ikaja sauti nyingine, ndogo, kama ya mtu anayevutwa kutoka kisimani. Mtu alikuwa analia. Si kulia kwa kelele, kulia kwa kifuani, kwa kukwamakwama, huku mota inaendelea na shughuli zake.

Na ikasema, "Baba, tumefika?"

Sauti yangu.

Pale mgahawani hakuna aliyegusa kikombe.

Kwenye kinasa sauti, karibu kabisa na kipaza, shangazi akajibu taratibu, "Bado. Lala tu."

Akazima.

Nikatazama ukuta. Msumari, nafasi, kibao cha baba. Na ile kanuni juu ya mashine ya kahawa, wino mzito.

"Kanta," Mama Tazuko akaniita.

"Sauti zinafanana," nikasema. "Duniani watu wengi wanakoroma."

"Nilipaswa kushuka Shimizu," Shangazi Hisae akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anasimulia bei ya vitunguu. "Ulikuwa umenilalia bega. Nikaona nikinyanyuka utaanguka. Nikaenda na wewe mpaka mwisho. Pale sikuwa na moyo wa kukuamsha, nikakuachia peremende nikavuka upande wa pili."

Okuda akashika kibao changu, akakigeuza mikononi. Nikamngoja anitukane. Kuwadanganya genge ni kosa, na kudanganya ili ukae pembeni ya baba, kwa kanuni aliyoiandika baba, hilo silijui hata linaitwaje.

"Unajua kanuni hiyo ilitoka wapi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Kabla hujazaliwa haikuwepo. Baba yako mwenyewe alikuwa anakoroma kwenye Midosuji mpaka watu wanahama behewa. Halafu akakupata wewe, akaanza kukubeba Jumapili. Siku moja akaja hapa akaandika hilo bango. Nikamwambia, mbona unajifunga kamba mwenyewe? Akasema, huyu mtoto akimaliza laini ya Imazatosuji, nitamwambia nini ili aje na mimi Jumapili inayofuata?"

Akakifunga kibao kwenye kitambaa, akakirudisha mkobani.

"Kwa hiyo haihesabiwi," akasema. "Umelala tena wewe. Jumapili ijayo tunarudia. Nitakaa na wewe."

"Na mimi," akasema Nagisa. "Nikuchape kofi ukisinzia."

"Msumari uacheni hapohapo," akasema Mama Tazuko.

Funzo ninalo, lichukueni bure: ukitaka kuwapiga fiksi watu wa treni, kwanza angalia umelalia bega la nani.

Mimi nikabaki nimetazama kaunta. Tone la kitu likaanguka pembeni ya peremende zangu mbili. Nikalifuta kwa kiwiko. Likaanguka lingine.

"Mafua," nikasema. "Mafua ya kiangazi hayana adabu kabisa."

Shangazi Hisae akafungua peremende moja, akanisogezea.

"Mafua hayamwiti baba, mwanangu. Nilikuwepo."