Uzi Mwekundu Shingoni

Jirani yangu, fundi cherehani, hubana pini midomoni hata anapoongea, na paka wake mwenye kisukari ni marufuku kukanyaga nguo za wateja. Kitambaa hukichoma bila kutazama. Paka je? Humkagua kwanza kama amekula, humpapasa miguu, hukunja ngozi ya shingo kama anayepima upindo, ndipo amdunge insulini huku amebana pumzi. Akimaliza humfunga uzi mwekundu shingoni, ili dada yake anayekaa naye asije akarudia dozi.

Jana nilifuata gauni langu, nikamkuta anachomoa sindano ya insulini shingoni mwa paka. Dada akatoka jikoni, uzi mwekundu wa paka umefunguka na kunasa kwenye sketi yake. "Mdogo wangu, huyo nimeshamdunga." Pini zilimdondoka fundi zote. Alimpaka paka asali kwenye ufizi ili sukari isishuke mno, huku dada akimpigia daktari wa mifugo. "Fumbua macho, baba. Nitazame," fundi alimbembeleza paka. Paka aliyumba, akalala. Daktari akasema aletwe upesi. Fundi akalivuta gauni langu, limeshapigwa pasi, akamviringisha paka ndani yake, akatoka mbio pekupeku, nami nikabaki nimewashikia mlango.