Kidari Kigumu na Kisu cha Nuradin

Mzee Nuradin huchinja kuku soko la Kariobangi, kando ya meza yangu ya sukuma wiki, na kosa lake kubwa maishani ni kufanya kazi vizuri mbele ya watu wasioijua. Kwanza humpa kuku maji. Halafu humsimamisha sakafuni, kwa sababu kuku asiyeweza kusimama yeye hamchinji, hata umlilie. Kisu hukificha nyuma ya mgongo mpaka dakika ya mwisho, ndege asikione. Waislamu wa hapa hadi mtaa wa Tena walikula kwa mkono wake miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyemuuliza swali.

Kisha akaja Shitanda na maajabu yake. Shitanda hufuga broila nyuma ya nyumba yake ya kupanga, na siku hiyo alituletea kuku wenye vidari vikubwa, akawatembeza sokoni utadhani amewazaa mwenyewe.

"Mathee Triza, cheki mwili," aliniambia. "Wiki tano tu, na anakaa baunsa."

Baunsa mwenyewe alikuwa ameketi. Miguu ilikuwa imekataa ule mzigo. Mzee Nuradin akamngoja apumue, kuku akasimama kwa shida, ndipo Mzee akamchinja. Mnunuzi alikuwa Ruqiya, mama yake Sahro, ambaye hakuona lolote kwa kuwa alikuwa akibishana nami juu ya nyanya.

Kesho yake alirudi na sufuria. Ndani mlikuwa na kidari kigumu kama ubao wa kukatia kitunguu. Alimwita Mzee adeer, yaani ami kwa Kisomali, maana tusi likivishwa heshima huuma zaidi.

"Adeer, umenichinjia kibudu. Kuku alikuwa amekufa na kukakamaa, ndiyo maana nyama hailiki."

Kwa Mwislamu kibudu ni haramu, mnyama aliyekufa kabla ya kisu. Kwa mchinjaji, neno hilo likishamshika, afadhali auze kisu akafanye biashara ya maandazi. Kabla ya adhuhuri Abdiqadir mwenye hoteli alikuwa ametafuta mchinjaji mwingine. Watu waliokula kuku wake tangu wakiwa na meno ya utotoni walipita wakitazama juu, kana kwamba mbingu imeanza kuuza viazi. Mzee akakaa kwenye kigoda chake akifuta kisu kisicho na damu. Niliumia moyo, na nilikasirika hata nikampunja mteja asiye na hatia.

Nikamwita Luseno, mkaguzi wa nyama, ambaye ni jirani yangu. Alimngoja Ruqiya arudi kununua kitunguu, akachukua kidari kibichi cha kuku mwingine wa Shitanda, ndugu yake yule baunsa, akakipasua mbele yetu. Mistari myeupe ilipita katikati ya nyama kuanzia juu hadi chini.

"Mama Sahro, nyama hii ni nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu," alisema. "Huyu kuku amezaliwa kwa ukoo uliochaguliwa ukue mbio. Seli zinanenepa, zinabanana, mishipa ya damu inashindwa kuzifuata. Ni kama flati zetu: mwenye nyumba anaongeza ghorofa, bomba la maji ni lile lile. Huko juu hewa inayobebwa na damu haifiki na taka haitoki."

"Na ugumu?" nikauliza.

"Seli zinaharibika na kufa. Kuna seli ndogo za akiba pembeni, hizo ndizo mafundi wa kuziba. Zinaziba, zinaziba, mwisho zinashindwa. Pengo linajazwa mafuta, ndiyo mistari, na nyama ya kovu, ndiyo ugumu. Yote hayo kuku akiwa hai. Kisu hakihusiki."

Mzee Nuradin aliinua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ruqiya naye alikuwa amesikiliza kwa makini sana, na masikio yake yalichukua lile alilolitaka.

"Mmesikia?" alituambia. "Zilikufa kabla ya kisu. Si ndivyo nilivyosema?"

Luseno akafunga mkoba wake akaenda zake. Elimu ina mipaka.

Ijumaa Ruqiya alikuja tena, safari hii kununua kuku wa harusi ya bintiye Sahro. Mzee alimwekea kuku wawili hai, mdogo wa kienyeji na mkubwa wa Shitanda, akamwambia awabonyeze vidari. Ruqiya akabonyeza. Yule mdogo alikuwa laini. Mkubwa alikuwa ubao tayari, na bado alikuwa akimtazama kwa macho mawili. Nilimwona Ruqiya akielewa, naapa nilimwona.

"Nipe wakubwa wa Shitanda wote," alisema. "Nikiweka wadogo, wakwe watasema nini? Lakini adeer, mara hii hakikisha wako hai."

Nilitaka kumrushia kabeji. Mzee akanizuia kwa mkono, kwa kuwa mteja amerudi, na nyumbani kwa Mzee lazima watu wale. Akamtoa kuku wa kwanza, akampa maji, akamweka sakafuni mbele ya viatu vya Ruqiya. Kuku akaketi.

Mzee akachuchumaa kando yake, kisu nyuma ya mgongo.

"Simama, baba," alimwambia kwa upole. "Simama mama akuone."